Asidi, Slaidi na Majina: Sponji katika Makumbusho ya Historia Asilia ya London

Mabibi na mabwana,

Sponji ninayemzungumzia jioni hii si lile dodoki la dukani la kuoshea vyombo, bali ni mnyama wa baharini ambaye kamusi zetu humwita pia sifongo. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu kama ni mmea au mnyama, hadi Robert Grant, huko Edinburgh katika miaka ya 1820, alipomweka akiwa hai katika chombo cha maji na kuona chembechembe zikitupwa nje kwa mkondo kupitia matundu yake.

Kumhifadhi mnyama huyu ni kazi yenye mitego. Akikaushwa hupoteza rangi na kusinyaa, na hata akiwa hai umbo lake hudanganya, kwa kuwa spishi moja huweza kutambaa juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi na kusimama wima penye maji matulivu. Kwa hiyo mtunzaji hukata kipande mfano wa punje ya mchele, hukichemsha katika asidi ya nitriki mpaka nyama yote iishe, kisha husuuza mashapo na kuyaweka kwenye slaidi. Chini ya hadubini huonekana spikula, vijisindano vinavyong'aa kama kioo, vingine vikiwa na umbo la nanga na vingine la nyota. Njia hii hufaa kwa sponji wenye spikula za silika tu, yaani madini yaleyale ya kioo. Wa chokaa, asidi ingemla mzima mzima. Naomba mlikumbuke hilo, kwani nitalirejea.

Hazina ya London haikujengwa na waajiriwa wa makumbusho peke yao. James Scott Bowerbank alikuwa mfanyabiashara wa kutengeneza pombe kali, na mkusanyo wake ulinunuliwa mwaka 1877. Henry John Carter alikuwa daktari wa jeshi Bombay, akaendelea kuchunguza sponji baada ya kustaafu na kurudi Uingereza. Safari ya Challenger, meli ya Uingereza ya utafiti wa bahari, ya 1872 hadi 1876 ilileta sponji wengi kiasi kwamba iliwabidi wataalamu kadhaa wagawane makundi. Stuart Ridley na Arthur Dendy walichapisha ripoti ya sehemu yao mwaka 1887. Bahari yetu nayo imo katika maandishi ya enzi hizo: sponji wa chokaa waliokusanywa na Cyril Crossland katika safari yake ya Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, 1901 na 1902, walielezwa na mtaalamu aitwaye Jenkin mwaka 1908.

Lakini anayenivutia kuliko wote ni Randolph Kirkpatrick, aliyeingia makumbusho mwaka 1886 na kukaa humo miaka arobaini na ushei. Mwaka 1908 alimweleza sponji wa visiwa vya Madeira mwenye spikula za silika juu ya mifupa ya chokaa, yaani vitu viwili ambavyo asidi ile ya maabara ingevitenganisha, kimoja kikibaki na kingine kikitoweka. Alimwita Merlia normani, kwa heshima ya padri Alfred Merle Norman, yuleyule aliyehariri juzuu ya mwisho ya kitabu cha Bowerbank kuhusu sponji baada ya Bowerbank kufariki. Wapo walioshikilia kwamba hao ni viumbe wawili walioota pamoja. Kisha Kirkpatrick akajiharibia mwenyewe: kuanzia 1912 alichapisha kwa gharama zake nadharia kwamba miamba yote duniani, hata ya volkano, imeumbwa na makombe ya viumbe vidogo vya baharini viitwavyo numuliti. Watu wakacheka, na nadhani kicheko hicho kiliifunika hata kazi yake iliyokuwa sahihi.

Ilibidi wangojwe wanasayansi Hartman na Goreau, waliochunguza miamba ya Jamaika na mwaka 1970 wakaeleza sponji hai kadhaa wenye silika na chokaa katika mwili mmoja. Merlia akarudi mezani, na jina alilopewa mwaka 1908 ndilo linalotumika hadi leo.