Ekorete mdomoni, msandali shimoni: safari ya Moroto

SAUDA: Wanaotufuatilia tangu mwanzo hawatashangaa kusikia kwamba Okello alipoingia studioni leo hakuniuliza habari za safari, bali aliuliza nimemletea nini kutoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

OKELLO: Nikaletewa mfuko mzima wa matunda ya ekorete, ambao ninaendelea kuushughulikia tunapozungumza.

SAUDA: Basi toa kokwa mdomoni, ndugu yangu, kwa sababu inagonga meno na kipaza sauti kinainasa. Nilikwenda Moroto kwa harusi ya jamaa, na siku iliyofuata mama mwenyeji wangu, ambaye ni Mtepeth, mtu wa kabila la mlimani huko, alinichukua tukachume majani ya ekorete kwenye miteremko ya chini ya Mlima Moroto. Huo ndio mti ambao wataalamu huuita Balanites aegyptiaca. Nilikuwa nimesoma habari zake, lakini nilikuwa sijawahi kuitazama mikono ya mchumaji: anapenyeza vidole katikati ya miiba ya kijani iliyo mirefu kama vidole vyenyewe, anaikata ncha laini ya kitawi kwa ukucha wa dole gumba, kisha anahamia tawi jingine bila kulivua lile la kwanza majani yote.

OKELLO: Na nyasi zote zimekwisha kukauka?

SAUDA: Zimekauka kabisa. Uwanda wa Karamoja una mwinuko wa zaidi ya mita elfu moja, na sehemu kubwa yake hupata kati ya milimita 500 na 800 za mvua kwa mwaka, tena mvua isiyotabirika. Ekorete hustahimili hali hiyo kwa sababu mizizi yake huzama chini sana kufuata maji, majani yake ni madogo na magumu, na hata miiba yake ya kijani hujitengenezea chakula kutokana na mwanga wa jua. Ndiyo maana huchipua majani mapya wakati wa kiangazi, maghala ya mtama yanapoanza kuonyesha sakafu. Kina mama huyachemsha kwa muda mrefu, humwaga maji ya kwanza yaliyobeba uchungu, huyachemsha tena, kisha huyala pamoja na mtama, maziwa au karanga zilizosagwa.

OKELLO: Majani tumeyasikia. Mimi naomba tulijadili tunda, kwa kuwa ndilo ninaloweza kulitolea ushahidi. Ganda ni jembamba na hubanduka kwa kidole. Nyama yake inanata, inaanza kwa utamu wa tende, halafu uchungu unajitokeza nyuma ya ulimi. Ukimaliza kumumunya unabaki na kokwa ngumu kama kokoto, ambayo hupasuliwa kwa jiwe, na kiini chake huchemshwa mpaka uchungu utoke. Karibu nusu ya kiini hicho ni mafuta.

SAUDA: Wasikilizaji wangependa pia kufahamishwa kwamba tunda hilo, pamoja na gome na mizizi ya mti, lina saponini, yaani kemikali inayotoa povu, na kwamba watu wa nchi nyingi kavu za Afrika hufulia nguo kwa mti huo. Kwa hiyo mwenzangu amekuwa akimumunya sabuni tangu tuanze.

OKELLO: Ni sabuni tamu. Na usisahau kwamba povu hilo huua konokono wanaobeba kichocho, kiasi kwamba mwaka 1933 kulichapishwa utafiti kutoka Sudani uliopendekeza matunda haya yatumiwe kukabiliana na ugonjwa huo. Mti mmoja unakulisha, unakufulia na unakukinga na kichocho. Ningekuwa na shamba ningepanda huu peke yake.

SAUDA: Tulikuwa tumepanga kuupanda mlima hatua kwa hatua, na bado tuko chini kabisa, tumezungukwa na kokwa. Niseme kwa ufupi: ukiacha vichaka vya migunga na kuelekea kilele, ambacho kina mita 3,083, unakuta mitarakwa na mizeituni mwitu, yaani msitu halisi ulio juu ya nchi kame. Lakini kabla ya kufika huko, mama yule alinionyesha shimo. Palikuwa na msandali, Osyris lanceolata, na watu waliuchimbua pamoja na mizizi yake, kwa sababu mafuta yenye harufu yamo kwenye mizizi na kiini cha shina.

OKELLO: Shimo hilo liko upande gani wa mlima?

SAUDA: Hilo sitalisema hewani.

OKELLO: Mbona tunafichana? Wazee wanaojua matumizi ya mimea hii wanaondoka duniani, na lisiloandikwa litazikwa nao. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na sampuli isiyo na mahali ilikochumwa haina faida kubwa kwa mtafiti. Zaidi ya hayo, kuna mkataba wa kimataifa uitwao Itifaki ya Nagoya, ulioanza kutumika mwaka 2014 na ambao Uganda ni mwanachama wake, unaodai kwamba wenye maarifa waombwe ridhaa na wagawiwe faida.

SAUDA: Itifaki hailindi mti usiku. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini lile shimo nimesimama ukingoni mwake. Fikiria pia kwamba msandali una miti dume na miti jike, na wachimbaji hupendelea jike. Akiondolewa jike, dume anayebaki hatazaa mbegu hata moja. Andika jinsi gome linavyochemshwa, andika jina la ugonjwa, lakini mahali paachie wenyeji.

OKELLO: Wanaochimba wanapajua mahali tayari! Asiyepajua ni mtafiti na askari wa misitu pekee, kwa hiyo siri yako inawafaa wezi.

SAUDA: Inawafaa wezi wa leo, labda, lakini ramani yako itawaleta wa kesho.

OKELLO: Hujanishawishi.

SAUDA: Sikutarajia ushawishike. Na sasa fundi mitambo wetu anainua vidole viwili, yaani zimebaki dakika mbili, ilhali yale mafunzo matano tuliyoyatangaza wiki iliyopita hatujayagusa.

OKELLO: La Ladakh, kwenye milima ya kaskazini mwa India, ndilo linaloniuma zaidi. Tulitaka kuulinganisha uwanda wetu na mji wa Leh wa huko, ulio karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari na unaopata takriban milimita 100 tu za mvua na theluji kwa mwaka, ambako waganga waitwao amchi hutibu kwa mimea ya milimani.

SAUDA: Litasubiri pamoja na mengine manne. Wasikilizaji mlioko Moroto, Kaabong na Nakapiripirit, tutumieni ujumbe wa sauti mtuambie ekorete hupikwaje kwenu.

OKELLO: Na mtuambie mlipo.

SAUDA: Msimwambie.