Kota Maana Yake Sehemu ya Ngapi?

Ndugu zangu wa Mbale, hili nimelisema mara nyingi na nitazidi kulisema, neno kota, yaani fungu analopangiwa mtu, wilaya au nchi, tunalibeba vibaya. Kijana akikosa yunivasiti ya serikali anasema "kota imenikata", mwingine akipata wanasema kapendelewa. Hapana jamani. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini karne ya 17, quota pars, yaani sehemu ya ngapi? Ni swali hilo! Na mwanzoni kota ilikuwa kile unachotoa, mji fulani ulete askari wangapi, pesa ngapi. Haya ya kuzuia watu na mali yamekuja baadaye, Marekani walipoweka sheria yao ya wahamiaji 1921 ndiyo yakashika kweli.

Sasa kahawa, hapa mnivumilie. Mkataba wa kahawa wa 1962 kila nchi inayouza ilipewa sehemu yake. Mzee huku mlimani kachuma, kamenya, kaosha, kaanika, anageuza kwa mkono mpaka ganda linakauka, lakini sehemu ilihesabiwa kwa nchi, si kwa shamba lake, kahawa ikizidi inatafutiwa nchi zilizo nje ya mkataba na huko bei ni ya kutupa. Najua mtu wa nyuma pale anataka kusema basi kota ndiyo ilituua. Ngoja kwanza! Julai 1989 nchi za mkataba zilishindwa kuelewana, kota zikaondolewa, na bei ikaanguka karibu nusu, mzee yuleyule akauza zaidi akapata kidogo. Kwa hiyo usiniambie kota nzuri au kota mbaya, niambie jumla ni ngapi, nani kaigawa, na kwa kuhesabu nini, watu, magunia au wilaya? Asiyejibu hayo hajataja kota, kataja hasira yake tu.

Ya yunivasiti nayapitia mbio. Hapa Uganda kota ya wilaya ilianza 2005, hizo ni nafasi zimetengwa kwa kila wilaya. Lakini zile pointi 1.5 za wasichana pale Makerere tangu 1990 si kota kabisa, msichana anaongezewa alama halafu anashindana kama wengine, hakuna kiti kimewekwa, tafadhali msichanganye! Mbunge mwanamke wa kila wilaya, hicho ndicho kiti kimewekwa.

Nilitaka kugusa kota za samaki za Ulaya lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa, haya, maswali, anza wewe mama wa mbele.