Nani Huyu Bibi? Kusimamia katalogi ya rekodi za sauti maktabani

Haya wenzangu habari zenu, asanteni kwa kuja, naona wengine mmesimama huko nyuma, sogeeni tu mbele viti vipo. Mimi nitaongea kama ninavyoongea kazini, sina slaidi, nina hili boksi tu hapa mezani. Ndani yake kuna kaseti 40, ziliachwa maktabani na mtu aliyekuwa akirekodi wazee, na hii niliyoishika imeandikwa kwa kalamu ya wino "Bibi – ya 2". Basi. Hakuna tarehe, hakuna mahali, hakuna jina. Bibi gani? Na hiyo ya 2 ni kaseti ya pili, upande wa pili, au ni bibi wa pili? Kitabu hata ukikiokota hakina jalada unafungua ukurasa mmoja unasoma mistari miwili unajua kinahusu nini, lakini kaseti imenyamaza tu mkononi, ili uijue unahitaji mashine nzima inayofanya kazi, afu unahitaji muda, maana kaseti ya dakika 90 inasikilizwa dakika 90, huwezi kuipitisha macho. Ndo maana kwenye sauti katalogi, yaani ile orodha ya maelezo ya kila kilichopo maktabani, siyo karatasi za kujaza ili ripoti ipendeze. Msomaji hawezi kuzurura kwenye shelfu akachungulia, anachokiona ni kile tu sisi tulichoandika, na tusipoandika kitu basi kwake hicho kitu hakipo.

Sasa nimeitwa niongelee kusimamia kazi hii, siyo kuifanya tu, na kwa maoni yangu msimamizi ana uamuzi mmoja mkubwa kuliko yote: tunaandika kwa kina kiasi gani, na kwa vitu gani. Hapo ndo maktaba nyingi zinakwama. Mimi mwenyewe nimewahi kukwama hapo.

Maktaba niliyoanzia kazi tulikuwa watu watatu na tulipenda kazi kweli kweli, tukaanza na shelfu la kwanza kushoto, santuri moja moja, kila wimbo, kila mpiga gitaa, kila mtunzi, tunabishana nusu siku jina la mtu liandikwe vipi, na maelezo ya katalogi tuliyoandika pale yalikuwa mazuri sana sikatai. Lakini miaka miwili ilipita hatujamaliza hata shelfu hilo moja, na chumba cha nyuma kulikuwa na maboksi ya tepu kubwa zile za rili, hakuna aliyeyagusa. Siku tulipoyafungua harufu ya siki ilitupokea mlangoni. Mnaojua mnajua, tepu za zamani zenye msingi wa asetati, aina ya plastiki, zikianza kuoza zinatoa asidi, zinanuka siki, zinasinyaa na kujikunja, na ile asidi inachochea kuoza kwa zile za jirani. Baadhi hazikuchezeka tena. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hatukujua hata tumepoteza nini, maana hakukuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa kuhusu maboksi yale.

Toka siku hiyo msimamo wangu ni huu na nautetea mbele ya yeyote: kila kipande kipate rekodi fupi ya katalogi kwanza, vyote, hadi cha mwisho, ndo baadaye turudi kuchimba vile vinavyostahili.

Kwa hiyo mnaanza na sensa. Mnaingia stoo mnahesabu, vya aina gani, vingapi, hali gani. Na hapa lazima mtu ajue anachokitazama. Silinda za nta ni za zama za mwanzo kabisa, Edison alionyesha fonografu yake 1877 na nta ikafuata baadaye, afu kuna santuri nzito za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama sahani, LP zile za kucheza muda mrefu zilizoingia 1948, zile ndogo za 45 mwaka uliofuata, kaseti 1963, CD 1982, kaseti ndogo za dijitali za DAT 1987. Umri peke yake haukuambii kipi kiko hatarini, maana santuri ya 78 ikitunzwa vizuri inadumu kuliko DAT ambayo mashine zake hazitengenezwi tena. Na kuna kitu kimoja naomba mkikariri: ukikuta sahani nyeusi inafanana na santuri lakini lebo imeandikwa kwa mkono au kwa taipu, na ukiichungulia tunduni pembeni unaona bati, hiyo siyo santuri ya dukani, hiyo ni ile ya kupakwa laka, kitu kama vanishi, juu ya aluminiamu, ilichongwa moja kwa moja siku ileile ya kurekodi na mara nyingi nakala yake ni hiyohiyo moja tu duniani. Laka inapasuka na kubanduka. Hizo zinaenda mbele ya foleni, bila mjadala.

Tepu nazo zinafuata hapohapo. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, hicho ndo chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti kilichoanzishwa 1969, walitoa tahadhari wakataja 2025 kama mwaka ambao baada yake itakuwa ngumu kuzicheza na kuzikopi tepu za sumaku, na sababu yao kubwa haikuwa tepu kuoza tu, ni mashine kuisha, vipuri kuisha, na mafundi wanaozijua kuzeeka. Ukisimamia katalogi lazima hesabu hiyo iwe kichwani, kwa sababu katalogi ndo inayomwambia fundi aanze na ipi.

Rekodi fupi ina nini? Namba ya shelfu au barkodi, aina ya kitu, idadi, kila kilichoandikwa kwenye lebo na kwenye boksi, kampuni iliyotengeneza tepu yenyewe (hii watu wanairuka, lakini kuna aina za tepu za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake inanyonya unyevu na kunata kwenye mashine, jina la kampuni kwenye boksi linaweza kumuokoa fundi), hali yake, nani alileta, lini. Na picha ya lebo. Picha inaokoa muda mwingi sana, mwanzoni mwa miaka ya 1980 maktaba tano kubwa za Marekani zilikusanya orodha ya santuri zao za 78, laki kadhaa, kwa kupiga picha lebo na kuchapa kilichoonekana, wakati ule walitumia filamu, leo simu yako inatosha.

Ila mnapoandika lebo, andikeni kama ilivyo. Hii kaseti naandika "Bibi – ya 2" vilevile, makosa yakiwepo yabaki, na kama nina dhana yangu naiweka kwenye mabano ya mraba ili anayesoma ajue hapa anaongea lebo na hapa anaongea mkutubi. Nimeona katalogi ambazo mtu alikisia kwa nia njema akaandika kama ukweli, miaka 20 baadaye watafiti wanaandika makala juu ya kisio lake.

Sasa tukishamaliza duru ya kwanza ndo tunagawanya, maana rekodi zilizotolewa na kampuni na rekodi zilizofanywa na watu wenyewe ni dunia mbili tofauti kabisa. Za kampuni ni rahisi zaidi, usizianze upya, kuna mtu mahali fulani duniani ameshaandika rekodi yake ya katalogi na unaweza kuinakili, lakini hakikisha ni toleo lilelile kweli. Jalada linaweza kufanana na sauti ikawa tofauti. Kinachotofautisha ni namba ya kampuni kwenye lebo, ndo ile ya fildi 028 kwenye MARC, ule muundo wa kompyuta ambao maktaba huandikia rekodi za katalogi, kila fildi ikiwa na namba yake, na kwa santuri kuna ile namba iliyochongwa kwenye sehemu tupu kati ya mifereji na lebo, namba ya matriksi, hiyo inakuambia ni kipande gani hasa kilichorekodiwa, hata kama kimetolewa mara tano kwa majina matano.

Halafu tarehe. Jamani tarehe! CD imetoka 1995, alama ya P ndani ya duara, ile ya haki ya rekodi ya sauti, inasema 1995, mtu anaandika 1995 anafunga, kumbe wimbo ulirekodiwa 1938. Mwaka wa kutolewa una mahali pake na mwaka wa kurekodiwa una mahali pake, fildi 518 ipo kwa ajili hiyo, siku na mahali watu walipokaa mbele ya maikrofoni. Na 511 ni ya waliopiga na kuimba. Msomaji wa sauti mara nyingi hatafuti wimbo, anatafuta wimbo ule ulivyoimbwa na mtu fulani mwaka fulani, na asipopata hivyo viwili tumemnyima alichokuja kukitafuta. Majina nayo mchague umbo moja mengine yote yaelekeze hapo, maana mwanamuziki mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, la jukwaani, na la kwenye lebo lililokosewa na mchapaji, na bendi ndo kabisa, inagawanyika inabadili jina watu ni walewale.

Za watu wenyewe ni kazi nyingine. Zile mahojiano, ngoma, hotuba, hadithi, hapo hakuna pa kunakili, maelezo yako kichwani mwa watu, na watu wanaondoka. Kwa hiyo msimamizi ukipokea mkusanyiko kama huu, kabla ya kuwaza kompyuta, piga simu. Mtafute aliyerekodi au mwanae au aliyembebea mashine. Muulize nani anaongea, wapi, lini, lugha gani, nani mwingine alikuwepo, na muulize je waliorekodiwa walikubali isikilizwe na nani, kwa sababu kuna nyimbo za jando na kuna maombolezo ambayo wenyewe hawataki yasikilizwe na kila mpita njia. Hilo nalo linaandikwa kwenye rekodi, mahali panapoonekana, siyo kwenye daftari la mkutubi mmoja ambaye mwakani anastaafu.

Na kasi, andikeni kasi. Kuna kisa nakipenda sana: mwaka 2008 watafiti walifanikiwa kuisikia kwa mara ya kwanza sauti aliyoichora Mfaransa Scott de Martinville kwenye karatasi yenye masizi mwaka 1860, kabla ya Edison, na ilisikika kama binti anaimba. Mwaka uliofuata ikagundulika wameicheza kwa kasi maradufu, iliporudishwa ikawa ni mwanamume anaimba taratibu, huenda ni Scott mwenyewe. Si mnaona? Kasi ikikosewa binti anazaliwa ambaye hakuwepo. Tepu inaweza kuwa ya sentimita 9.5 kwa sekunde au 19 au 38, na santuri tunazoziita za 78 nyingi za zamani hazikuwa 78 kamili, kwa hiyo ukijua andika, na usipojua andika kwamba haijapimwa.

Upande wa dijitali nitapita haraka. Viwango vipo, IASA wanapendekeza ubora wa biti 24 na angalau kilohezi 48, na wengi wanatumia 96, kwenye faili la WAV la kitangazaji (Broadcast WAV) ambalo linabeba maelezo ndani yake. Lakini faili bila rekodi ya katalogi ni kaseti nyingine iliyonyamaza, tofauti ni kwamba hii hata lebo ya wino haina. Namba ya kaseti iwe ndani ya jina la faili, na rekodi ya kaseti ielekeze kwenye faili na faili lielekeze kwenye kaseti.

Watu sasa. Andikeni kanuni zenu, kurasa chache zenye mifano halisi kutoka kwenye makusanyo yenu, RDA, zile kanuni za kimataifa za kuandika katalogi, ni nzuri lakini haitakuambia ufanye nini na "Bibi – ya 2". Kila mkibishana na kuamua, uamuzi uingie humo na tarehe yake. Kama mnaanzia kwenye jedwali la Eksel hakuna aibu, ila kila safu ijue itaenda fildi gani baadaye. Mtu mmoja akague sampuli kila wiki, siyo kwa kuwinda wakosaji, ni ili makosa yanayofanana yagundulike yakiwa 10 siyo 1,000. Usimwache mtu asikilize kutwa nzima, masikio yanachoka na mtu akichoka anaandika "mazungumzo" anaendelea. Dakika za mwanzo, za katikati na za mwisho zinatosha kwa duru ya pili, na kwa lugha usiyoijua tafuta mwenye lugha yake umlipe kama mtaalamu, maana ni mtaalamu.

Hii kaseti juzi niliicheza mara moja tu, kwenye mashine iliyosafishwa, huku nikiikopi hapohapo kwenye kompyuta ili isichezwe tena bila sababu. Sekunde za kwanza kuna kuku, afu sauti ya mwanamume inasema, bibi leo ni siku ya pili, endelea pale ulipoishia jana. Kwa hiyo ya 2 siyo upande wala siyo kaseti, ni siku. Jina lake bado sijalipata, lakini siku ya kwanza ilikuwepo na ilirekodiwa, na lazima pale alijitambulisha. Bado kaseti 39, sogeeni hapa mezani tuzitoe moja moja tuone kama imo.