Doa la damu, leso na unyevu wa Mombasa: kupima na kukarabati DNA

Asalaam aleikum, waungwana. Tuchukue leso yenye doa la damu. Ikitiwa kwenye mfuko wa nailoni ingali mbichi, kwa fukuto hili la Mombasa bakteria na ukungu hawachelewi kuivamia, na vimeng'enya vyao huikata DNA vipande vipande. Ikianikwa juani mbichi vilevile, miale ya urujuanimno hugandisha thaimini mbili zilizo jirani (thaimini ni moja ya besi, yaani herufi nne za DNA). Polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, ikifika hapo hukwama. Unyevu nao hung'oa besi na kugeuza sitosini, besi nyingine, kuwa urasili, besi isiyostahili kuwa kwenye DNA.

Msikimbilie kukarabati. Pimeni kwanza. PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) ya kupima kiasi husoma shabaha mbili kwa pamoja, fupi ya jozi 80 za besi, tuseme, na ndefu ya jozi 214. Gawanyeni kiasi cha fupi kwa cha ndefu. Mkipata nanogramu 0.8 na 0.05 kwa mikrolita, jibu ni 16, na ikipita 10 jueni DNA imekatika sana. Ila kitazameni na kidhibiti cha ndani, yaani DNA inayojulikana iliyotiwa humohumo kuonyesha kama PCR inafanya kazi. Kikichelewa, huenda kinachozuia PCR ni himu ya damu (kile chenye chuma kinachoipa wekundu) au rangi ya leso yenyewe. Hapo zimueni sampuli, isafisheni upya, au tieni albumini ya ng'ombe. Kuchanganya kuzuiwa na kuharibika ni kupoteza sampuli ambayo haitapatikana tena.

Mchanganyiko wa kukarabati, kama PreCR, una kimeng'enya cha kutoa urasili, cha kukata penye thaimini zilizogandana, na cha kuondoa guanini, besi nyingine, iliyooksidika. Kisha polimerasi hujaza pengo na ligasi huunga uzi. Ni dakika 20 kwa nyuzijoto 37, kabla ya PCR. Lakini pengo hujazwa kwa kuusoma uzi wa pili. Nyuzi zote mbili zikikatika pamoja, hakuna cha kusomwa, na vipande haviungwi. Kwa hivyo leso ya nailoni ipelekeni kwenye vipimo vya STR fupi (STR ni sehemu za DNA zenye mfuatano unaojirudia, hutumika kumtambua mtu), vinavyosoma vipande visivyozidi jozi 200 hivi. Ile ya juani inafaa kujaribiwa ukarabati, mradi sehemu ya sampuli ibaki bila kuguswa, ipimwe sambamba pamoja na jaribio tupu lisilo na DNA. Mahakamani wakili ataliuliza hilo, na ana haki.

Nanyi mnaokusanya vielelezo: leso ikaushwe kivulini penye hewa, juu ya karatasi safi, kisha itiwe bahasha ya kaki peke yake. Masika ikikataa kukauka, igandisheni siku hiyohiyo.