Anza na mzigo: mhadhara kuhusu wahalifu wa mpaka wetu wa kusini katika hadithi za kihistoria

Mugonile. Na ndugu zangu mliotoka Iringa, kamwene. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu hadithi za kihistoria, hasa zile za watu walioikimbia sheria: majambazi, watoro, wavusha magendo, watu wa mpakani kwa jumla. Mwenyeji wetu aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, vijana wanaandika sana siku hizi, ila majambazi wao wote wanapanda farasi." Nilicheka, nikaomba niletewe miswada. Kumbe ni kweli. Kuna mmoja ambao jambazi anatoka Karonga jioni, anamtimua farasi usiku kucha, alfajiri yuko Chunya. Mwandishi wake yumo humu ukumbini, simtaji. Kipaji anacho, na mazungumzo yake yananoga kuliko ya kwangu. Lakini farasi wake yule angemfia njiani.

Mapori ya Chunya na bonde la Rukwa yalikuwa na mbung'o. Farasi hawakukaa huko, na hata ng'ombe walipitishwa kwa hofu. Mhalifu wetu alitembea kwa miguu, na aliyekuwa akimfukuza naye alitembea. Hilo peke yake linabadilisha hadithi nzima. Mbio za usiku mmoja zinakuwa msako wa wiki tatu. Mkimbizi anahitaji chakula, anahitaji moto, anahitaji mtu wa kumfungulia mlango. Huyo mtu wa mlangoni ndiye mhusika wako mkubwa kuliko hata jambazi, na wengi wenu hamjamwandika.

Na bunduki nazo. Karne ya 19 bunduki nyingi za huku zilikuwa magobori. Unamimina baruti, unashindilia, unaweka risasi, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unalenga. Sasa mtu huyo mlete Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Baruti ikilowa, gobori ni fimbo. Msimu wa masika mwenye mkuki anapata nafasi ambayo kiangazi hana. Nimeona miswada mitano, yote ina milio ya risasi, hakuna hata mmoja unaoniambia ulikuwa mwezi gani.

Kwa hiyo ninachowaomba leo ni kimoja. Anayeandika hadithi ya mpakani aanze na mzigo. Nini kilibebwa, nani alikibeba, upande huu kiliuzwaje na upande ule kiliuzwaje. Ukishajua mzigo, utajua njia; ukijua njia, utajua nani alikaa njiani akidai chake. Sheria yenyewe huja baadaye, mara nyingi ikiwa imevaa sare isiyomtosha.

Tuanzie Karonga, 1887. Leo ni Malawi, lakini ukisimama Kasumulu, mpakani upande wetu, si mbali. Hapo palikuwa na mfanyabiashara Mswahili, Mlozi, na mzigo wake ulikuwa pembe za ndovu. Pembe hazitembei zenyewe. Zilibebwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa mateka ambao nao wangeuzwa zikifika pwani. Mnunuzi wa pembe pale Karonga alikuwa kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, iliyosema imekuja kuua biashara ya utumwa kwa njia ya biashara halali. Walinunua pembe hizohizo. Bidhaa za kulipia zilichelewa, wafanyabiashara wakakaa wakisubiri, wakajenga maboma, wakaanza kuwashambulia Wangonde wenye nchi. Oktoba mwaka ule Wangonde wengi sana waliuawa. Kampuni ikaingia vitani.

Nani aliongoza jeshi la kampuni? Frederick Lugard, kapteni wa jeshi la Uingereza aliyekuwa likizo. Serikali yake haikumtuma. Hakuwa na hati ya kuanzisha vita, hakuwa na mahakama nyuma yake, alikuwa na bunduki na kampuni ya biashara. Juni 1888 alishambulia boma la Mlozi, akajeruhiwa vibaya. Sasa niambieni, siku ile pale ukingoni mwa boma, nani alikuwa mhalifu? Mlozi alinyongwa na Waingereza Desemba 1895. Lugard akawa Gavana Mkuu wa Nigeria.

Nawajua baadhi yenu. Mkisikia hivyo mtakimbilia kumfanya Mlozi shujaa aliyepinga wakoloni. Msifanye hivyo. Mpeni sauti yake yote, mpeni Kiswahili chake kizuri, mpeni hata haki ya kulalamika kwamba hakulipwa. Halafu ingieni ndani ya boma lake mkawatazame waliofungwa. Hadithi inayomtetea Mlozi bila kuwaona hao ni ya uongo sawa na ile inayomtukuza Lugard. Ningekuwa kijana ningemwandika mbeba pembe mmoja, nisimtoe machoni tangu ukurasa wa kwanza. Pembe kubwa ina uzito wa kilo 30 au zaidi. Inakaa begani hivi, inateleza ukitoka jasho, na mwenye kuibeba hawezi kugeuza shingo upande mmoja. Kwa hiyo hadithi yote anaiona kwa upande mmoja tu wa njia! Hapo mwandishi anayejua kazi yake atafurahi.

Haya, twende mbele. Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walisaini mkataba kule Berlin, na mpaka ukapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mto Songwe ukawa ukuta. Wanyakyusa huku, Wangonde kule, na lugha zao ni ndugu mtupu. Wandali na Walambya wakajikuta pande zote mbili. Kule Tunduma Wanyamwanga vivyo hivyo. Mtu aliyekwenda kumsalimia mkwe wake Jumatatu, Jumanne akawa anavuka mpaka wa madola.

Wajerumani walileta kodi ya nyumba tangu 1898, na mpakani ushuru. Nitawasomea kipande kutoka daftari langu. Ni ubunifu wangu mtupu. Nimekiweka mwaka 1902, ukingoni mwa Songwe, mwezi Agosti, maji yakiwa magotini.

"Mama alikuwa amenunua merikani mpya dukani Karonga, mikono minne. Merikani mpya ina wanga. Ukiikunja inalia kama majani makavu. Aliketi kwenye jiwe upande wa Waingereza, akaitumbukiza nguo mtoni, akaifua kwa mchanga mpaka wanga ukatoka, akaipaka tope la ukingoni, akaifua tena. Ilipokauka kidogo akambebea mtoto mgongoni kwa nguo hiyohiyo. Upande wa pili askari mmoja, mtu wa Manyema, alikuwa ameketi chini ya mtini. Akamwuliza kwa Kiswahili, 'Umebeba nini?' Mama hakujua Kiswahili. Akageuka, akamwonyesha mtoto. Askari akaishika nguo kwa vidole viwili, akaifikicha, akaisikiliza. Kisha akauliza jina la mtoto."

Naishia hapo. Angalieni, hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyetukanwa, na mama yule, kwa kuizeesha nguo mpya ili asilipe ushuru, tayari ni mhalifu wa dola ya Ujerumani. Kinachonivutia ni kwamba askari anajua. Amewahi kuona mama yake akifua nguo namna ile, au hajawahi. Hilo ni juu ya mwandishi kuamua. Akimwachia, naye ameshaingia katika uhalifu. Mpakani sheria ina tabia hiyo, anayeilinda na anayeivunja wanakula ndizi za mkungu mmoja.

Na Songwe wenyewe si mpaka wa kuaminika. Mto ule unahamahama. Mafuriko yakija unaacha mkondo wake, unajichimbia mwingine, na shamba lililokuwa huku linaamkia kule. Serikali za Tanzania na Malawi zimekaa vikao vingi kutafuta namna ya kuutuliza. Kwa mwandishi hiyo ni hazina. Mtu hajainua mguu, hajaiba hata muhogo, asubuhi anaambiwa yuko nchi nyingine na analima bila kibali. Kama kuna mwenye mswada unaohusu hilo, anitafute tukinywa chai.

Nije Iringa, maana wenzetu wamesafiri. Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Lugalo, alikowashinda Wajerumani Agosti 17, 1891, mnaijua. Kila mtoto wa shule anaijua. Kalenga, ngome yake, ilianguka Oktoba 30, 1894. Mimi nawaomba mwandike miaka inayofuata, karibu minne, ambayo vitabu vya shule huivuka kwa sentensi moja. Miaka hiyo Mkwawa, kwa macho ya Wajerumani, alikuwa mtoro msituni. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Merere, mtemi wa Usangu, alikuwa upande wa Wajerumani, kwa hiyo hata magharibi hapakuwa na kimbilio. Na bado hakupatikana.

Kwa nini? Turudi kwenye mzigo. Mzigo wa miaka hiyo ulikuwa unga. Kuna watu walitwanga usiku, wakafunga unga, wakauacha mahali panapojulikana, wakarudi wasiseme. Rupia 5,000 wakati nyumba nzima inatozwa kodi ya rupia tatu! Fikiria mwanamke amesimama kwenye kinu chake, mume wake amekwisha kupiga hesabu ile kichwani, naye anajua kwamba mumewe amepiga hesabu. Wanaangaliana. Yeye anaendelea kutwanga. Mimi ningesoma kurasa mia za nyumba hiyo.

Mwisho wake mnaujua. Julai 19, 1898, kule Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi. Kijana aliyekuwa pamoja naye alikuwa ameshikwa na kulazimishwa kuonyesha njia. Wajerumani walipoona watu wawili wamelala kando ya moto walifyatua kwa mbali, kumbe wanampiga maiti. Fuvu likachukuliwa, lilirudishwa 1954 na Gavana Twining, na sasa liko Kalenga. Yule kijana hajapata mwandishi wake. Aliishije baadaye? Alilala wapi usiku wa kwanza? Kazi ya hadithi ndiyo hiyo, kuingia pale ambapo kumbukumbu za ofisini zimefunga daftari.

Chunya nitaipitia haraka, maana naona saa. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na Mbeya yenyewe ilizaliwa 1927 kwa ajili ya dhahabu hiyo. Wazungu walikuja kutoka kila pembe, wengine wana madeni, wengine wamekimbia wake. Vijana wa Kinyakyusa walikwenda kuchimba ili wapate ya kodi na ya ng'ombe wa mahari. Dhahabu uliyoiokota kwenye kitalu cha Mzungu ni ya Mzungu, hata kama umeikanyaga kwa mguu wako mwenyewe. Na dhahabu ni mzigo wa ajabu, donge la ukubwa wa harage linaingia katika kibuyu cha ugoro, na ng'ombe mzima yumo ndani ya harage hilo. Ninachowaonya ni kitu kimoja. Msimfanye kila mchimbaji kuwa mlevi na kila mwanamke wa Chunya kuwa wa kilabuni. Kulikuwa na wapishi, maseremala, mafundi cherehani, waokota kuni. Mahali pasipo na sheria bado pana mtu anayedai deni lake la vitumbua.

Watu hudhani historia lazima iwe na kaniki na magobori. Mwaka 1983 ni historia. Wazee hapa mbele mnatikisa vichwa, mnakumbuka: sabuni hakuna, sukari hakuna, foleni ya duka la ushirika inaanza usiku. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliokatwa na barabara, na njia za panya zilikuwa nyingi kuliko za gari. Kipande cha sabuni kilikuwa magendo. Ikaja sheria ya uhujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, na watu wakaanza kufukia bidhaa uani na kuzitupa mitoni usiku. Kuna waliokuwa wameficha shehena za kuwanyonya wenzao, tusiwatakase. Kuna aliyekuwa na katoni moja ya sabuni ya kusomesha watoto. Sheria iliwatia kwenye kapu moja. Mwandishi ana nafasi ya kuwatoa mmojammoja, ila afanye haraka. Walioyaona hayo wangali hai, na kumbukumbu zao hazihitaji kibali cha maktaba. Nenda na sukari, kaa jikoni, usitoe kinasa sauti siku ya kwanza. Uliza bei ya vitu. Mzee anaweza kukataa kukwambia alivusha nini, lakini bei hajaisahau, na akishaanza kutaja bei atafika mwenyewe kwenye usiku ule na nani aliwauza.

Nimeulizwa wakati wa mapumziko kama jambazi lazima akamatwe mwishoni ili kitabu kipite kwa wachapishaji. Sijui wachapishaji wa nani wanadai hivyo. Mmalizie pale mzigo unapofika, au pale unapopotea. Mswada wa farasi, kwa mfano, ndani yake mna pakacha la chumvi ya Ivuna ambalo jambazi analiacha kwa shangazi yake sura ya pili na mwandishi halitaji tena. Ndugu yangu, chumvi imechemshwa Ivuna kwa karne nyingi, ilibebwa mbali kwa miguu, na watu waligombana kwa ajili yake. Mchinje farasi, urudi kwa shangazi, umwulize lile pakacha aliliuza kwa nani.

Nakaa hapo. Mzee wa safu ya tatu ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mzee. Mpelekeeni kipaza sauti.