Umeniamkia, Halafu Unaniuliza Umri?

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wafanyabiashara, wazee na vijana, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa zangu, kama mmebaki wowote. Wadogo, marahaba, naona wengine hamkuitoa, lakini nimeipokea hivyo hivyo. (Kicheko)

Mwenyekiti amenipa dakika 20, na kule nje amenishika mkono akanisihi nisiirudie ile hadithi ya bia. Wanaonijua wanajua nitairudia. Nimeisimulia msibani, nimeisimulia kwenye kikao cha ukoo Newala, nimemsimulia dereva wa basi la Dar es Salaam kuanzia Mingoyo mpaka Nangurukuru, hadi akawasha redio. Leo zamu yenu.

Kijana wangu wa mwisho alikuwa anaoa. Wakwe ni watu wa Masasi, watu wa heshima, na watu wa kiu. Nikaambiwa, mzee, wewe usijisumbue na mengine, lete katoni mbili za bia. Nikaingia duka moja hapa mjini, haya ya siku hizi yenye milango ya vioo na vitoroli vya kusukuma. Silitaji, maana mwenyewe huenda yumo humu na bei zake ni nzuri. Nikasukuma katoni zangu mpaka kaunta. Pale kuna binti, wa miaka 20 hivi. Akaniona, akakunja goti kidogo kama alivyofunzwa kwao, akasema, "Shikamoo babu."

Marahaba, mjukuu wangu.

"Babu, naomba kitambulisho."

Nikadhani kuna bahati nasibu. Nikasema labda mteja wa mia anapata jiko la gesi. Nikamuuliza, cha nini? "Cha umri, babu. Pombe hatuwauzii walio chini ya miaka 18."

Sasa hapa naomba tukae, tusikimbie. Huyu mtoto amenitazama mara moja tu. Kwa jicho hilo moja ameona mvi, ameona kipara, ameona mtu anayeegemea kitoroli kwa sababu ya goti na si kwa maringo. Akaamua: huyu si kaka, si mjomba, si baba, huyu ni babu. Akachagua shikamoo, hakuniambia mambo. Hiyo hukumu ameitoa kabla sijafungua mdomo, na ameitoa sawasawa! Lugha yetu haikuruhusu kumsemesha mtu kabla hujampima umri. Mzungu anasema halo kwa mtoto na kwa bibi kizee, ile ile. Sisi ukikosea umekosea adabu. Tunapima umri mara hamsini kwa siku, sokoni, kwenye daladala, kisimani, na tunakosea mara chache mno. Halafu binti yule yule, mwenye kipimo hicho kichwani, anaambiwa na bosi wake akiweke chini, asubiri kadi.

Nikamwambia, mjukuu wangu, umeniita babu. Ningekuwa na miaka 17 ungeniita babu? Akacheka, akafunika mdomo, akasema, "Ndiyo utaratibu, babu. Kila mtu."

Kila mtu! Nyuma yangu foleni inaguna. Kadi nimeiacha nyumbani, maana nani anabeba kitambulisho cha taifa kwenda kununua bia akiwa na miaka 69?

Najua hapo nyuma kuna mtu ameshanijibu kimoyomoyo: Mwalimu, sheria ni msumeno. Nimekulia na wachongaji wa mpingo mimi. Msumeno hauendi wenyewe. Unashikwa na mtu mwenye macho, anayeangalia mti umekaaje. Na sheria yenyewe haijasema hayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Inamlinda mtoto. Haijaniagiza mimi nithibitishe kwamba si mtoto.

Mwingine atasema, huko kwa wenzetu wanafanya. Haya, twende huko. Uingereza umri wa kununua pombe ni huo huo 18, na maduka mengi yana kawaida ya 25: ukionekana hujafika 25, unaombwa kitambulisho. Scotland wameiweka kisheria tangu 2011. Kwa nini 25? Kwa sababu wa 17 na wa 20 wanafanana, hivyo muuzaji anapewa nafasi ya miaka saba ya kukosea. Marekani sigara ni mpaka 21 tangu Desemba 2019, na muuzaji anatakiwa kuhakiki kitambulisho cha aliye chini ya miaka 30; zamani ilikuwa 27. Mmesikia? Hata wenye kamera na mitambo, mstari wa sheria yao ya taifa ya sigara unaishia 30. Wapo huko wenye maduka wanaojiamulia kumdai kila mtu, mpaka bibi wa miaka 80, na wazee wao wananuna kama mimi. Tukiiga, tuige basi na kile chenye akili.

Lakini nisiwe mkaidi. Kuna hoja moja inayonisumbua, na niliipata kwa mwanangu wa kike, aliyewahi kukaa kaunta. Aliniambia, baba, ukiniachia mimi niamue, kila mwanaume mwenye ndevu tatu atagombana nami. "Mimi unanionaje? Unanidharau?" Na bosi akija, kosa ni langu, mshahara unakatwa. Nikisema kila mtu, ugomvi unakwisha. Hiyo ni kweli, na sikuwa na jibu siku hiyo. Jibu nililonalo sasa ni dogo: bandika karatasi ukutani, andika kwamba anayeonekana chini ya miaka 30 ataombwa kitambulisho, uweke sahihi yako wewe mwenye duka. Mwenye ndevu tatu agombane na karatasi. Lakini usimfiche binti nyuma ya mvi zangu.

Tuendelee, maana hadithi haijafika penye uchungu. Nikakodi bodaboda kurudi nyumbani kuchukua kadi. Tunapinda kona, kuna kibanda, na dirishani amesimama mtoto wa kama miaka tisa, sare ya shule, kaptula imechanika. Anashika sarafu ya mia tano. Nikamwambia dereva simama. Mtoto anasema, "Naomba sigara mbili, babu kanituma." Na muuzaji, mtu mzima, mwenye watoto wake, akatoa sigara mbili kwenye pakiti iliyofunguliwa, akampa, na chenji akamrudishia na pipi juu.

Pipi juu, jamani!

Tangu 2003 tuna sheria ya tumbaku inayokataza kumuuzia mtoto. Na hapo nani mwenye kosa? Babu anazo sifa zote, ana mvi kuliko mimi. Ukimwomba kitambulisho atakupa. Tatizo ni kwamba babu hayuko dirishani. Kwetu mtoto anatumwa: chumvi, mafuta ya taa, ugoro wa bibi, sigara ya babu, bia ya baba. Huyo ndiye mteja wa kuangaliwa, na yeye hana hata mfuko wa kuwekea kitambulisho. Ningekuwa na mamlaka, ningeacha wazee wapumue, nikazungukia vibanda jioni wakati watoto wanatumwa. Na ningewaambia wazee wenzangu, tena wale wa mstari wa mbele msiangalie pembeni: kama unataka sigara, una miguu.

Mnakumbuka viroba? Zile pakiti ndogo za pombe kali, zilizokuwa zinaingia mfuko wa shati la shule bila kuonekana. Havikuondoka kwa kuuliza mtu umri. Vilipigwa marufuku Machi mosi 2017, na pakiti zenyewe zikatoka rafuni. Nilikuwa bado nafundisha. Nilikuwa naziokota nyuma ya choo cha shule kila Jumatatu...

Naona mwenyekiti anaonyesha saa. Haya, la pili kwa haraka, maana linamhusu dada yangu na ameniagiza niliseme.

Dada yangu alizaliwa mwaka wa kile kimbunga kikubwa kilichoivunja Lindi, 1952. Cheti hana. Mama alihesabu kwa kimbunga, na kwa nani aliingia jandoni mwaka gani. Siku ya kujiandikisha, aliyekuwa anaandika akamkadiria 1968, Januari mosi. Basi kwa mujibu wa kadi nimempita dada yangu kwa miaka 12, inabidi aniamkie! (Kicheko) Mnacheka, lakini mahali fulani pa matibabu aliambiwa hajafika 60, kwa hiyo msamaha wa wazee haumhusu. Uso wake hawakuutazama. Akaambiwa aweke kidole kwenye mashine ili wahakikishe, mashine ikakataa, kwa sababu amebangua korosho miaka mingi na mafuta ya ganda yamemla ngozi ya vidole. Wabanguaji wote humu mnaijua hiyo. Sasa mnaona? Mimi naombwa karatasi iseme nisichohitaji kuambiwa, na yeye karatasi inasema uongo na inaaminiwa.

La tatu lilikuwa kuhusu baa na disko, liacheni, mnalijua wenyewe.

Nani ananyoosha mkono? Sema mama... Anauliza kama bia zilifika Masasi.

Zilifika. Nilikimbia ndani nikachomoa kadi kwenye mkebe wa kabatini, nikarudi na boda ile ile, shilingi elfu nne jumla. Binti akaipokea kwa mikono miwili. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hakuzisoma. Akaitazama, akasema, "Asante babu," akapiga bei. Jioni ndiyo mke wangu alianza kuitafuta kadi yake. Nikatoa mfukoni: ni yeye, picha ya mwanamke amejifunga mtandio mpaka shingoni.