Kabla ya Kuuliza Bei, Pima Chuchu

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kina mama. Nimeombwa nizungumze juu ya pampu za kukamulia maziwa, na najua wengi mmekuja na swali moja: "Dada, ninunue ipi?" Swali hilo naulizwa kila wiki hapa Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka Makorora, na kila wiki nauliza mimi: umepima chuchu yako?

Naona mnainamisha macho. Inueni, humu tuko wanawake watupu.

Mwaka jana alinijia mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto ana miezi miwili, likizo ya uzazi ya siku 84 inaishia, kanunua pampu ya umeme ya bei kubwa, ya kukamua matiti mawili kwa pamoja. Anakaa nayo nusu saa, anapata vijiko viwili na chuchu zimechubuka. Mama mkwe ameshapitisha hukumu, "mkamwana hana maziwa," na kopo la maziwa ya unga liko kabatini. Nikamwambia aivae mbele yangu. Ile faneli inayokaa juu ya ziwa ilikuwa ya milimita 24, kama zinavyokuja nyingi dukani. Pampu ikivuta, chuchu inaingia na weusi wake wote unaifuata ndani ya mrija. Nikachukua rula ya mwanangu ya shule, tukapima upana wa chuchu pale shinani, chuchu peke yake, bila ule weusi. Milimita 16! Faneli imempita milimita nane nzima. Tukatafuta kipete cha silikoni cha 17 cha kuchomeka ndani ya faneli. Siku ya tatu akanionyesha chupa, imefika nusu. Ziwa ni lilelile, na mashine ni ileile.

Kwa hiyo mkipima, ongezeni milimita moja mpaka tatu tu. Chuchu iende na kurudi bila kusugua ukuta, wala weusi usiburutwe. Ikitoka nyeupe au ya zambarau, faneli si yako. Na msiongeze nguvu ya mashine mkidhani ndiyo dawa. Maziwa huachiwa na mwili wenyewe. Homoni ndiyo inayoyafungulia, na maumivu na hofu huizuia. Ukikaza meno umeshafunga bomba.

Najua kuna bibi hapo nyuma atasema wao walilea bila pampu. Kweli bibi, mlikamua kwa mkono, na mkono naufundisha mpaka leo. Yale maziwa ya njano ya siku za mwanzo ni machache na mazito, mkono huyatoa vizuri kuliko mashine. Lakini wewe ulikwenda shamba na mtoto mgongoni. Huyu mama mfanyakazi anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anarudi jioni. Na wewe unayeshinda na mwanao nyumbani, ananyonya vizuri, pampu ya nini? Weka hela yako.

Mwajiriwa ajue pia kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa muda wa kunyonyesha kazini, usiozidi saa mbili kwa siku. Dai.

Haya, muda unanikimbia. Ile pampu ya mpira wa kubinya kama honi ya baiskeli, achaneni nayo, ndani haisafishiki. Ya kuazima kwa shoga yako, hapana. Baadhi yake maziwa huweza kupenya mpaka kwenye mota, na huko huwezi kuosha. Ukikamua mara moja kwa siku, pampu ya mkono yatosha. Ya umeme iwe na betri, maana Luku ikiisha au umeme ukikatika mtoto hangoji. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje saa nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na nyinyi mnalijua joto la hapa. Wekeni kwenye friji mapema, humo siku nne.

Nimekuja na rula kumi. Chumba cha nyuma kina pazia, tuanze na wenye watoto wachanga.